Kaseti za harusi kuingia kwenye flashi: duka la kuhamisha kanda, Langoni, Lamu

Duka lenyewe ni chumba kimoja, ukiingia kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, upande wa Langoni, na kibao chake kinatangaza utengenezaji wa simu kabla ya kitu kingine chochote. Kazi inayostahili kuzungumzwa iko nyuma ya kaunta: kutoa sauti na picha kwenye kaseti, VHS na kanda ndogo za kamera, na kuzitia kwenye flashi au diski. Bei ni shilingi 300 kwa kila saa ya sauti na 800 kwa kila saa ya VHS, ikihesabiwa kwa muda uliorekodiwa. Kwa kaseti za sauti, fundi wa hapa anajua anachofanya na ningempa kanda yangu bila wasiwasi. Kwa VHS kuna kasoro ambazo mteja anaweza kuzizuia akijua cha kudai. Kwa kanda za shughuli za wanawake, lipo jambo la kuuliza kabla hujatoa chochote mkobani, nalo nimelitengea nafasi yake huko chini.

Haja ya kazi hii imekuja mbio. Philips walitoa kaseti mwaka 1963, na ilipofika pwani yetu iliwapa watu uwezo ambao sahani za santuri hazikuwahi kuwapa: duka la redio liliweza kurekodi kundi la taarabu na kutoa nakala lenyewe, kama lilivyofanya Mbwana Radio Service huko Mombasa. Kando ya hizo za kuuzwa, zikawako zile zilizorekodiwa ukumbini na mtu mwenye redio tu: usiku wa kupigwa udi wa nyuzi, vugo la harusi (ngoma ya wanawake ya kupiga pembe), Maulidi, darsa la shekhe, salamu za jamaa walioko Muscat au Jeddah. Hizi hazikupita dukani, kwa hiyo hazimo kwenye huduma za kusikiliza muziki kwa simu, na YouTube ina zile tu ambazo mtu alijitolea kuzipakia. Nyingi nakala yake ni moja, nayo iko juu ya kabati. Mashine za kuzichezea nazo zinakwisha. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikitengeneza deki za VHS, kiliacha Julai 2016. Redio za kaseti zinazouzwa mpya leo karibu zote zina mtambo wa namna moja wa bei nafuu, ambao mwendo wake hautulii.

Hewa ya kisiwani inaongeza haraka hiyo. Unyevu huotesha ukungu kwenye utepe, chumvi hula vyuma vya hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) na vya soketi, na mikanda ya mpira iliyo ndani ya deki hulainika mpaka ikawa kama lami. Deki iliyokaa miaka kumi bila kuwashwa usiijaribu kwa kanda ya maana. Ijaribu kwa kanda usiyoijali, na uitazame utepe unavyopita.

Ubora wa kazi hii huamuliwa kabla kitufe cha kuchezea hakijabonyezwa, na hapo ndipo fundi huyu anapowapita wengi. Kanda ikifika kaunta, huitazama kwanza kupitia kidirisha chake kwenye mwanga. Utepe mzuri una rangi moja, kahawia au nyeusi, na kingo zake zimelala sawa. Vumbi jeupe au madoa kama ya chokaa pembeni mwa gurudumu ni ukungu. Kisha huuliza: "Mama, kanda hii iliwahi kuliwa na redio?" Swali hili lina maana, kwa sababu utepe uliowahi kuliwa una mikunjo, na mkunjo hupunguza sauti kila unapopita kwenye hedi, mahali penyewe akipajua mapema, hupasubiri. Baadaye huizungusha kanda nzima kwa mkono au kwa mashine ya kurudisha nyuma, mbele hadi mwisho na kurudi, ili utepe uliogandana uachane taratibu. Kanda iliyokaa miaka ishirini ikitiwa moja kwa moja na kuchezwa, mara nyingi hukwama katikati, na mtambo wenye nguvu huukata utepe pale kwenye kiungio cha mwanzo.

Kingine anachokagua ni kile kijitambaa kidogo cha sufi kilicho juu ya kibati cha shaba, katikati ya mdomo wa kaseti. Kazi yake ni kuusukuma utepe uguse hedi. Gundi yake huzeeka na kitambaa huanguka, na hapo sauti hufifia na kurudi, kufifia na kurudi, watu wakadhani kanda imekufa. Haijakufa. Dawa ni kuuhamishia utepe kwenye ganda lingine. Kaseti zenye skrubu tano ni kazi ya dakika kumi. Zile zilizoshikanishwa kwa kuyeyushwa plastiki hupasuliwa kwa kisu chembamba kwenye mshono, na ganda la zamani halitumiki tena. Duka linatoza shilingi 200 zaidi kwa kazi hiyo, na ni halali yao. Utepe uliokatika huungwa kwa gundi-karatasi maalumu ya kuungia utepe. Ukiona mtu anaunga kwa selotepu ya ofisini, chukua kanda yako uondoke: gundi yake huvuja kwa joto, hushika mzunguko wa pili wa utepe, na uchafu huo huishia kwenye hedi na kwenye kanda za watu wengine.

Kaseti ya dakika 60 ina takriban mita 86 za utepe. Ya 90 ina karibu mita 129 katika ganda lilelile, kwa hiyo utepe wake ni mwembamba zaidi. Ya 120 ni nyembamba mno, karibu nusu ya unene wa ile ya 60, na hunyooka kama raba ikivutwa. Kama unazo za 120, sema mapema, ili zisirudishwe nyuma kwa kasi.

Usafi wa deki hufanywa baada ya kila kanda mbili au tatu. Fundi hutumia vijiti vya pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi. Spirti ya kidonda inayouzwa duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, iliyobaki ni maji, na maji hayo hayatakiwi kwenye vyuma. Hedi husuguliwa mpaka kijiti kitoke cheupe. Gurudumu la mpira linalobana utepe nalo hupanguswa, kwa sababu likiwa na utelezi sauti huyumba, na likiwa na utandu hula kanda.

Sasa hedi. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hupita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa mwendo mdogo namna hiyo, mpasuko wa hedi ukiinama hata kidogo tu ukilinganisha na ule wa mashine iliyorekodi, sauti kali zote hupotea. Kwa muziki wetu hasara hii ni kubwa. Vikengele vya rika, ile tari ndogo, huwa kama vimefunikwa kwa mto, mlio wa pembe za vugo hupoteza ncha yake, na kugusa kwa kijiti kwenye waya za udi hakusikiki tena. Kuna skrubu ndogo pembeni mwa hedi, na kila kanda inahitaji irekebishwe upya, kwa kuwa kila kanda ilirekodiwa na redio yake. Njia ni hii: chagua mahali penye mlio mkali, unganisha njia mbili za sauti ziwe moja, kisha zungusha skrubu kwa bisibisi kidogo kidogo huku na huku mpaka ukali utokeze kwa nguvu zaidi. Ukipita, unasikia inazama. Fundi huyu hufanya hivyo kwa kila upande wa kaseti, A na B, kwa sababu ganda lililopinda hubadilisha mkao. Mahali pengi penye huduma kama hii hakuna anayeigusa skrubu hiyo, na ndiyo sababu watu husema kaseti "zina sauti mbovu" ilhali ubovu uko kwenye deki.

Hapa ndipo vile vichezea-kaseti vidogo vyenye waya wa USB, vinavyouzwa kwa bei ya chini mtandaoni, vinaposhindwa. Mwendo wao hutetema na hedi ni duni. Kwa darsa la mtu mmoja anayezungumza vinatosha. Kwa udi na fidla havifai.

Duka linatumia deki kubwa ya zamani yenye soketi za kutolea sauti, zikiunganishwa kwa waya na kijisanduku cha kuingizia sauti, nacho kikaingia kompyuta kwa USB. Programu ni Audacity, isiyolipiwa. Wanarekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, kilele cha sauti kikiachwa karibu desibeli 6 chini ya kikomo. Nafasi hiyo ina kazi: sauti ya kidijitali ikigonga kikomo hukatika na hairekebishiki, na mwimbaji wa ukumbini huweza kuisogelea maikrofoni ghafla. Kompyuta huendeshwa kwa betri wakati wa kurekodi. Chaja ikichomekwa, mara nyingi huingiza mvumo wa umeme kupitia nyaya za sauti. Kipimo chake ni rahisi: simamisha kanda huku unaendelea kurekodi. Mvumo ukibaki, unatoka kwenye nyaya. Ukitoweka, umo ndani ya kanda.

Na mvumo uliomo ndani ya kanda una faida moja ambayo nilifurahi kuona inatumika. Umeme wetu ni wa hezi 50. Redio iliyorekodi ikiwa imechomekwa ukutani mara nyingi iliacha mvumo huo hafifu kwenye utepe. Ukiupima kwenye kompyuta ukakuta 51.5, basi kanda inachezwa haraka kuliko ilivyorekodiwa, na unapunguza mwendo kwa asilimia 2.9. Tofauti hiyo inafika nusu ya hatua moja ya kinanda, yaani inatosha kumfanya mwimbaji asikike mdogo wa umri kuliko alivyokuwa. Lakini shughuli nyingi ziliendeshwa kwa jenereta, na jenereta ikizidiwa na mzigo hushuka chini ya 50. Katika hali hiyo kinanda cha umeme ndicho shahidi mzuri zaidi, maana hakina nyuzi za kukazwa na mtu. Udi hausaidii, kila mpigaji huukaza kwa sikio lake. Mteja anayemjua mwimbaji aseme kama sauti ni yake au siyo. Sikio la jamaa lina uzito kwenye jambo hili kuliko kipimo.

Upungufu wa duka upande wa sauti uko mwishoni mwa kazi. Wamezoea kuondoa mchakacho wa utepe, ule mvumo wa "shhh", kwa nguvu kupita kiasi. Programu hufundishwa mvumo kwa kuonyeshwa sekunde chache zisizo na muziki, kisha huutoa kila mahali. Ikitolewa desibeli 6, kazi ni safi. Ikifika 12 au 15, mwangwi wa ukumbi hukatwa, vigelegele huwa kama vinatoka ndani ya maji, na makofi hupoteza mkono. Waambie waache mvumo. Masikio huuzoea baada ya dakika moja, lakini vigelegele vilivyoharibiwa havizoeleki. Pia wanakabidhi MP3 peke yake usipouliza. Dai faili ya WAV ambayo haijaguswa, pamoja na hiyo MP3. Saa moja ya WAV kwa vipimo vyao ni takriban gigabaiti 1. MP3 ya kilobiti 192 ni megabaiti 86 hivi. WAV ni ya kuhifadhi, MP3 ni ya kusikiliza na kupelekeana. Miaka ikipita programu za kusafisha zitakuwa bora zaidi, na zitahitaji kile kilichotoka kwenye utepe, si kile kilichosafishwa kwa haraka.

VHS ni habari nyingine. Deki yao ya kawaida ni nzima na hedi ni safi, na kwa kanda zenye ukungu wana deki ya pembeni isiyotumika kwa kingine. Hilo ni jambo kubwa. Kanda moja yenye ukungu hupaka hedi, na hedi hupaka kanda ishirini zinazofuata. Kanda kama hizo huzifungia kwenye mfuko, huzikausha kwa siku kadhaa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, kisha utepe huzungushwa ukipita kwenye kitambaa laini kabla ya kuchezwa. Wanaofanya kazi hiyo huvaa barakoa, na wewe ukifungua kasha la kanda zenye ukungu nyumbani, fungulia nje penye upepo, usiache watoto karibu.

Tatizo liko baada ya deki. Picha huingia kompyuta kupitia kijiti cha USB cha bei ndogo, nacho kikipokea ishara dhaifu huacha fremu, yaani picha mojamoja za video, zipotee. Fremu zikipotea na sauti ikaendelea, mwisho wa kanda midomo na maneno vimeachana kwa sekunde nzima. Dawa wanayo dukani wala hawaitumii: ile mashine ya kurekodi DVD iliyoko rafuni. Ishara ya deki ikipitishwa ndani yake kwanza, ikaingilia nyuma na kutokea nyuma bila kurekodi, baadhi ya mashine hizo hunyoosha mpangilio wa picha na kijiti hakipotezi fremu tena. Waombe wafanye hivyo. Haiwagharimu kitu isipokuwa waya mbili.

La pili ni vipimo. Kamera na deki za Kenya ni za PAL: mistari 576 inayoonekana, fremu 25 kwa sekunde. Programu yao imeachwa kwenye mpangilio wa Kimarekani, 640 kwa 480 na fremu 30, kwa hiyo mistari hupotea na mwendo wa watu huruka-ruka. Dai 720 kwa 576, fremu 25. Tena, picha ya VHS imefumwa kwa nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa ikipishana. Isipofumuliwa vizuri, mtu akitikisa mkono au leso kingo zake huota meno kama ya kitana. Njia nzuri ni kuifumua iwe fremu 50 kwa sekunde, na kichujio cha bwdif ndani ya programu ya ffmpeg hufanya hivyo bila malipo. Kama hawataki kujisumbua, chukua faili ghafi na uifumue mwenyewe au umpe kijana anayehariri video.

Kanda zilizoletwa na jamaa zichanganuliwe mapema. Za Imarati na Oman huwa PAL na hucheza bila shida. Za Saudia za zamani huenda zikawa za mfumo mwingine, SECAM, na kutoka bila rangi kwenye deki ya PAL pekee. Za Marekani ni NTSC, na zinahitaji deki inayosoma mifumo kadhaa, ambayo duka halina. Kwa hizo, Mombasa ndiko kwa kwenda.

Kanda za MiniDV, zile ndogo za kamera za harusi za miaka ya 2000, zina bahati yao. Ndani yake picha tayari ni ya kidijitali, kwa hiyo kanda ikichezwa huvutwa kama ilivyo, ikawa faili, kupitia waya wa FireWire, pungufu hamna. Saa moja ni karibu gigabaiti 13. Duka lina kamera na kompyuta kuukuu yenye tundu hilo. Kama kuna mtu anakwambia atazitoa MiniDV zako kwa waya wa rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, anakupunguzia ubora bure.

Nije kwenye kanda za wanawake. Vugo, chakacha, kupamba, usiku wa hina: shughuli hizi zilirekodiwa kwa makubaliano kwamba zitaonwa na wanawake, ndani ya nyumba. VHS ililinda makubaliano hayo bila mtu kuhangaika. Ilikuwa kitu kimoja, kizito, kinachojulikana kiko kwa nani, na kukinakili kulihitaji deki mbili na mchana mzima. Faili haina kizuizi hicho. Inafika WhatsApp ya mtu wa mji mwingine kabla flashi haijatoka kompyuta. Bi harusi wa kanda ya 1992 leo ni bibi wa watu, na hakuwahi kuulizwa kuhusu simu ambazo hazikuwepo.

Duka hili limelifikiria jambo hilo zaidi ya nilivyotarajia. Yuko fundi mwanamke anayefika siku mbili kwa wiki, na kanda hizo humngoja yeye, kwenye kabati lenye kufuli. Skrini imegeuzwa ukutani, sauti ni ya vipokea-sauti vya masikioni, na simu haziruhusiwi kwenye kona ile. Kinachopungua ni upande wa kompyuta. Faili huandikwa kwanza kwenye diski ya duka, kisha hunakiliwa kwa mteja na kufutwa. Kufuta kwa kawaida hakuondoi kitu. Faili huweza kurudishwa kwa programu ya bure. Njoo na diski yako ya nje, waambie warekodi humo moja kwa moja, na uondoke nayo. Uliza pia kama kompyuta ile inajinakilia yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuuliza na kujibiwa, na duka lenye nia njema haliudhiki. Mwenye kanda naye ana wajibu: awaulize waliomo kabla hajawapelekea wengine, hata kama harusi ilikuwa ya nyumbani kwake.

Jambo ambalo silipendi liko mbele ya kaunta. Duka linauza flashi zilizokwisha kujazwa taarabu, mamia ya nyimbo kwa bei ya chai na mahamri ya watu watatu. Humo mna waimbaji wa Mombasa na humo mna udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, bila jina la mtunzi wala la mpigaji, "Track 01" mpaka "Track 240". Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki ya utunzi inaendelea kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kufa mtunzi, na haki ya rekodi kwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Kujinakilia kaseti uliyonunua, ukaisikiliza nyumbani, na kuuza mamia ya nyimbo za watu wenye warithi, ni mambo mawili tofauti. Fundi anayeweza kurekebisha hedi kwa sikio namna ile hahitaji biashara hii. Ukipakia chochote YouTube nawe, usishangae kampuni ikijitokeza kudai. Mfumo wa YouTube hulinganisha sauti wenyewe, na rekodi ya ukumbini mara nyingi hupita ilhali ya dukani hukamatwa.

Majina ya faili yafanyie kazi siku hiyohiyo. Piga picha karatasi ya ndani ya kaseti na mgongo wake, kisha jina liwe mwaka, shughuli, mwimbaji, mahali, upande: "1987_harusi_Mkomani_A". Mahali usipojua andika hivyo. Mzee anayejua ni nani aliyekuwa akipiga dumbaki apelekewe MP3 sasa, wakati bado anakumbuka. Kwa WhatsApp mtumie kama hati, siyo kama video au sauti ya kawaida, la sivyo programu huibana picha mpaka nyuso hazitambulikani. Hati inaruhusiwa kufika gigabaiti 2.

Flashi nayo ina masharti. Wufa nyingi, redio nyingi za gari na baadhi ya televisheni husoma mpangilio wa FAT32 pekee, na huo haukubali faili moja ya zaidi ya gigabaiti 4. VHS ya saa tatu kwa megabiti 6 kwa sekunde ni gigabaiti 8 hivi, kwa hiyo ikatwe vipande vitatu, au iwekwe kwenye flashi ya mpangilio wa exFAT na itazamwe kwa kompyuta. Duka halikwambii hilo. Wateja hurudi wakidhani flashi ni mbovu. Na flashi isiwe hifadhi yako. Hutunza chaji ambayo hupungua ikikaa miaka bila kuchomekwa, na chumvi ya hapa hula meno yake ya shaba. Diski mbili, moja nyumbani na moja kwa jamaa aliyeko bara, ndiyo kinga ya bei nafuu.

Kanda zenyewe usizitupe. Zirudishe mwanzo, zisimamishe wima kwenye kibweta kilichofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na spika kubwa, kwani sumaku yake hufuta.

Kwa wanaotoka Siyu, Faza au Pate, kanda zitiwe kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa kabla ya kupanda boti, na zisiwekwe chini ya ubao ambako maji ya bahari hukusanyika. Kazi ya saa kumi za sauti huchukua siku tatu hadi nne, kwa sababu kila saa ya kanda ni saa nzima ya kurekodi na hakuna njia ya mkato. Kabla ya Maulidi ya Lamu foleni hurefuka mpaka wiki mbili. Nenda na kanda moja kwanza, usikilize matokeo yake kwenye spika yako mwenyewe, ndipo upeleke zilizobaki.